Mjimwema: Barabara Iliyowatenganisha Wapendanao

Msafiri atokaye Njombe kwenda Makambako aweza kuondoka Mjimwema asubuhi, akasafiri kilomita zipatazo 60 kuelekea kaskazini, na akashuka Mjimwema kabla jua halijawa kali. Hakuna mazingaombwe katika safari hiyo. Mji wa Njombe una kata iitwayo Mjimwema, na mji wa Makambako nao una kata yenye jina hilo hilo. Na barabara kuu itokayo Songea ndiyo inayoiunganisha miji hiyo miwili.

Nchi yenyewe ni ya kupendeza. Njombe iko juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwenyeji wa Dar es Salaam afikapo huko mwezi wa Juni au Julai hujuta kwa nini aliliacha koti lake nyumbani. Ukungu hulala mabondeni hata saa tatu za asubuhi. Mto Ruhuji hupita kando ya mji na kuporomoka kwenye miamba, jirani kabisa na barabara. Pande zote ni miti iliyopandwa kwa mikono ya watu: misonobari, mikaratusi, na miwati ya kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kuweka makao yake Kibena. Kati ya misitu hiyo kuna mashamba ya chai, viazi mviringo na, siku hizi, maparachichi yasafirishwayo hadi ng'ambo. Mkoa wa Njombe wenyewe ni mchanga, kwani uliundwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Iringa. Walakini historia ya watu wake si changa hata kidogo, na sehemu moja ya historia hiyo haionekani kupitia dirisha la basi.

Sehemu hiyo ndiyo niliyoifuata. Inahusu wanaume na wanawake waliopendana wakakatazwa, wakatenganishwa na safari ndefu, na wengine wao hawakuonana tena mpaka mvi zilipowaota. Na kilichonichochea kuifuata ni sinema ambayo haikupigwa Njombe wala Makambako, bali kisiwani Unguja.

SINEMA YA UNGUJA

Mwaka 2021 mwongozaji wa filamu Amil Shivji alitoa filamu iitwayo Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, mwezi wa Septemba mwaka huo. Mwaka 2022 ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Tuzo za Oscar, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu filamu ya Maangamizi ilipochaguliwa mwaka 2001.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya 1950, wakati Waingereza walipokuwa bado wameikalia Zanzibar. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake, anaikimbia ndoa hiyo. Anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke mwimbaji asiyeogopa maneno ya watu. Katika maisha hayo mapya anakutana na Denge, kijana Mwafrika anayepinga ukoloni na ambaye polisi hawambandui macho. Wanapendana. Jamaa za Yasmin hawataki hata kulisikia jambo hilo, na serikali nayo inamtaka Denge kwa mambo yake yenyewe. Ikhlas Gafur Vora ndiye aliyeigiza kama Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika akawa Denge, na mwimbaji Siti Amina akawa Mwajuma.

Ziko sinema nyingi za mapenzi ya kale, na nyingi hutuliza kwa kusingizia majaaliwa. Wapendanao hutengana kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Watazamaji hufuta machozi, taa zikawashwa, watu wakaenda zao. Vuta N'Kuvute haikuchukua njia hiyo rahisi. Ndani yake kila kinachowatenganisha wale wawili kina jina na anwani: kuna wazee wa ukoo waliofunga mlango, kuna askari waliotumwa, kuna gereza lenye kuta na kufuli. Mapenzi yao yalikatazwa na watu, kwa sababu zilizowafaa watu hao.

Nilipoitafakari filamu hiyo nilijiuliza: je, huku bara, ambako hapakuwa na mji wa mawe wala kasri la sultani, mapenzi ya aina hiyo hayakuwapo? Yalikuwapo tele. Nyanda za juu za kusini zilikuwa na kisa chao cha miaka hiyo hiyo ya 1950, na waliokipitia hawakuwa wawili bali maelfu. Ila hicho hakikupata kupigwa picha.

KODI, MKONGE NA KIPANDE

Katika Ubena ya wakati wa ukoloni, kijana aliyetaka kuanza maisha alihitaji fedha za namna mbili ambazo shamba la baba yake halikuzitoa kwa urahisi: fedha za kodi na fedha za mahari. Kodi ya nyumba ilianza wakati wa Wajerumani, na Waingereza wakaiendeleza. Asiyelipa alikamatwa. Na fedha hazikuwa karibu. Zilikuwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe, ambako kwa barabara za leo ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Njombe.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo watu waliijua kwa jina la SILABU. Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa vibarua wengi. Kijana aliandikishwa, akapimwa afya, akapewa blanketi, akapandishwa lori pamoja na wenzake. Alipewa pia namba, na kutokana na namba hizo vibarua wa mkataba wakabandikwa jina la manamba, ambalo hata leo ni tusi kwa baadhi ya watu na fahari kwa wengine.

Huko shambani maisha yalitawaliwa na kadi iliyoitwa kipande. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Mkataji wa mkonge aliyemaliza kazi aliyopimiwa alitiwa alama katika nafasi moja. Aliyeugua, au aliyeshindwa kuimaliza kazi ya siku hiyo, hakutiwa alama. Nafasi zote 30 zilipaswa kujazwa katika muda usiozidi siku 42, na ndipo mtu alipwe. Kwa vipande hivyo vilivyojazwa kimoja kimoja Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mapema katika miaka ya 1960 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Ndugu msomaji, hebu itazame hesabu hiyo kwa upande wa pili. Kipande kilihesabu siku za mwanamume aliyekwenda. Hapakuwa na karani, wala kadi, wala nafasi 30 za kuhesabu siku za mwanamke aliyebaki. Yeye alilima, akavuna, akatunza wazee, akakataa wachumba au akalazimishwa kuwakubali, na siku zake hazikuandikwa mahali popote.

Kweli wapo walioondoka na wake zao, na katika miaka ya 1950 wenye mashamba hawakulipinga jambo hilo. Wapo pia waliorudi baada ya mkataba mmoja wakiwa na fedha, baiskeli na khanga za wachumba, wakaoa kwa shangwe. Lakini wengine waliunganisha mkataba kwa mkataba. Wengine waliugua huko. Wengine walipata wake wengine, wakafanya Tanga kuwa kwao, na wajukuu wao wapo huko hata leo wakiwa hawakijui Kibena isipokuwa maneno mawili matatu.

BIBI WA MJIMWEMA

Katika Mjimwema ya Njombe kijana mmoja, mwenyeji wangu, alinipeleka kwa bibi yake mzaa mama. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa aliyemwoa ana watoto, na aliyempenda naye ana watoto, na wote hao wanasalimiana hadi leo. Tulimkuta jikoni, karibu na moto, amejifunika blanketi mabegani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kamwene. Sogea motoni, ninyi watu wa pwani mifupa yenu ni laini."

Tulizungumza habari za viazi na habari za mvua. Kisha mjukuu wake akamwambia kwamba mgeni anapenda kusikia habari za manamba. Bibi alinyamaza kidogo, akachochea moto, akaanza.

Alikuwa msichana wakati uhuru ulikuwa bado haujaja. Kwao walikuwa Walutheri. Kijana aliyempenda alitoka upande wa Uwemba, na kwao walikuwa Wakatoliki. Kwa msomaji wa leo hilo laweza kuonekana jambo dogo, lakini katika Ubena ya siku hizo lilikuwa ukuta. Misheni za Kilutheri zilikuwa zimeingia nchini humo tangu wakati wa Wajerumani, na Wabenediktini wa Uwemba nao walikuwa na makanisa na shule zao. Mtoto alisoma kwa wa kwao, akaimba kwa wa kwao, na ilitazamiwa kwamba ataoa au kuolewa kwa wa kwao. Baba yake Bibi alikataa mara moja. Alipoona kwamba binti hakubadilika, akapandisha mahari mpaka pale alipoamini kwamba kijana hataweza kupafikia.

"Alidhani fedha itamfukuza," alisema Bibi. "Fedha ikampeleka Tanga."

Kijana aliandikisha jina lake kwa SILABU. Alimwahidi kwamba atarudi baada ya mkataba mmoja. Mwaka ulipita, kisha mwingine. Barua zilikuja, ila zilipitia mikononi mwa baba, na baba hakusema kitu. Moja tu ilimfikia, ikiwa imeletwa na mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Bibi hakujua kusoma. Alimwomba mtoto wa shule amsomee nyuma ya ghala la mahindi, naye mtoto yule akasoma kwa sauti kubwa kama asomavyo darasani, ikambidi Bibi amzibe mdomo. Katika barua hiyo kijana alimweleza kwamba amekwisha kujaza vipande kumi na viwili.

"Mimi nikafurahi," alisema. "Nikajua vipande kumi na viwili ni miezi kumi na miwili. Nikamwuliza yule aliyeileta barua, kipande ni nini? Akaniambia kipande ni siku thelathini, lakini siku thelathini za huko zaweza kuwa arobaini na mbili. Hapo nikajua kwamba siku zake na zangu si siku moja. Yeye alihesabu alizofanya kazi. Mimi nilihesabu zote."

Alipotimiza mwaka wa nne wa kungoja, akaozwa kwa mtu mwingine. Hakupigwa wala hakufungiwa ndani. Alikaa tu mbele ya wazee na hapakuwa na mtu aliyemwuliza. Aliyemwoa, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili pale yule kijana aliporudi kutoka Tanga, baada ya miaka saba, akiwa na sanduku la bati na kikohozi.

Nilimwuliza kama walionana.

"Tulionana. Huku ni kudogo, utamkwepa nani? Tulisalimiana njiani kama watu wanavyosalimiana. Naye akaoa, akajenga, akazaa. Hatukupata kuzungumza hata siku moja habari zile. Alipokufa nilikwenda msibani, nikakaa na kina mama. Sikulia kwa sauti. Jirani halii kwa sauti."

Kisha akamtuma mjukuu wake alete kuni, kwa kuwa moto ulikuwa umepungua. Mjukuu yule aliinuka polepole. Baadaye njiani aliniambia kwamba ameishi na bibi yake huyo tangu utotoni, na hakuwa amewahi kukisikia kisa hicho.

KAMERA ILIKUWA WAPI?

Mtu aweza kusema kwamba hayo yote hayakupigwa picha kwa sababu siku zile sinema ilikuwa kitu kigeni. La hasha. Sinema ilikuwapo, tena ilikuwapo huko huko kwenye mkonge.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mahali paitwapo Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35. Zilizungushwa kwa lori na kuonyeshwa uwanjani usiku, Tanganyika, Kenya, Uganda na hata nchi za jirani. Mafunzo yake yalihusu kilimo, afya, kuweka akiba na kulipa kodi. Kamera ile ilikuwa imesimama mlimani. Chini yake yalikuwa mashamba ya mkonge, na ndani ya mashamba hayo walikuwamo watu kutoka Ubena waliokuwa wakijaza vipande. Iliwafundisha watu kulipa kodi; haikuuliza kodi hiyo iliwatoa wapi, wala ilimwacha nani nyuma.

Mapema katika miaka ya 1950 zilitengenezwa tena filamu za Kiswahili, zamu hii zikiwa na hadithi na waigizaji. Katika Muhogo Mchungu aliigiza kijana Rashidi Kawawa, mwana wa Songea, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Hadithi yake ni ya mtu wa shamba aingiaye mjini akalaghaiwa na wajanja. Watu waliipenda, na walicheka sana. Lakini ndani ya filamu za namna hiyo kosa lilikuwa daima la yule aliyeondoka shamba: mshamba mjinga, mshamba mwenye tamaa. Mwanamke aliyebaki kijijini hakuwa na filamu yake.

Ndiyo maana kazi kama Vuta N'Kuvute ina thamani kubwa kuliko machozi ya jioni moja. Imeonyesha kwamba sinema ya Kiswahili yaweza kurudi katika miaka ile na kuitazama kwa macho ya walioonewa. Mlango umefunguliwa Unguja. Haifai kuishia hapo.

MJIMWEMA YA PILI

Kutoka Njombe nilipanda basi kwenda Makambako kwa njia ile ile waliyopita manamba. Tofauti ni kwamba barabara hiyo, ya Makambako hadi Songea, iliwekwa lami katika miaka ya 1980, na safari iliyokuwa ikiwatoa watu vumbi siku nzima sasa ni ya saa moja na kitu. Misitu hupungua kadiri unavyoteremka, upepo huongezeka, na kabla hujachoka kukaa umefika njia panda.

Makambako ni mji uliozaliwa na njia. Hapo hukutana barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia na ile iendayo Songea. Hapo hupita pia reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Sehemu ya reli hiyo kutoka Mlimba kupanda Makambako ndiyo iliyowatoa jasho zaidi wajenzi wa Kitanzania na wa Kichina, kwa wingi wa madaraja na mahandaki yake. Msafiri wa treni akifika stesheni ya Makambako hujua kwamba ameumaliza mlima.

Mjimwema ya hapa haifanani na ile ya Njombe. Huku ni mji wa watu waliotoka kwingi: Wabena, Wahehe, Wakinga, Wangoni, Wasangu, na wengine waliokuja na biashara wakakaa. Mchana husikia honi za malori. Usiku husikia injini zake zikipoa. Utaratibu wa SILABU ulifikia kikomo katika miaka ya 1960, na hakuna tena kijana anayepewa namba. Hata hivyo kutengana hakukuisha. Dereva wa lori huondoka kwenda Zambia au Kongo, mfanyabiashara wa mbao hukaa Dar es Salaam, kijana aliyemaliza shule huenda kutafuta.

Mama mmoja auzaye chakula kando ya barabara, ambaye mumewe ni dereva, nilimwuliza kama simu ya mkononi haikuwaondolea tabu waliyoipata bibi zao. Alicheka huku akipakua wali.

"Simu imefupisha njia, kaka yangu. Usiku nasikia sauti yake, na fedha ya matumizi inaingia humu humu. Lakini sauti haiezeki nyumba, wala haimtibu mtoto homa. Na mtu akiizima, utajuaje yuko wapi?"

Swali lake hilo si la wivu tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba Mkoa wa Njombe ulikuwa na kiwango kikubwa cha maambukizo ya Virusi vya UKIMWI kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania Bara, asilimia 14.8 ya watu wazima. Utafiti wa mwaka 2016 na 2017 uliona asilimia 11.4, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ukaona asilimia 12.7. Dawa za kufubaza virusi zimeokoa maisha ya watu wengi, na mtu mwenye virusi anayetumia dawa vyema huishi, hufanya kazi na hulea watoto wake. Lakini takwimu hizo zatueleza pia jambo la kale. Ugonjwa huu ulipata njia iliyokwisha kutengenezwa: mji wa njia panda, wanaume walio mbali na nyumba zao kwa majuma na miezi, na wanawake wanaongoja bila kuwa na neno katika safari hizo. Wanaotenganishwa hawaumii moyoni peke yake.

SHERIA YASEMAJE

Liko jambo moja ambalo bibi yule wa Njombe hakuwa nalo na mama huyu wa Makambako analo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya wote wawili wanaooana. Kutolipwa mahari hakuibatilishi ndoa iliyofungwa kihalali. Baba aweza kudai desturi yake, lakini hawezi kuitumia kama kufuli. Tofauti ya madhehebu ya Kikristo si kizuizi mbele ya sheria hiyo. Na mwenzi aliyetelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka 3 aweza kulipeleka jambo hilo mahakamani kuwa ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na umri wa miaka 15 wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba tofauti hiyo inakwenda kinyume cha Katiba.

Miaka 3 ndiyo iliyotajwa katika sheria. Bibi wa Mjimwema alingoja minne, bila cheti, bila haki ya kuuliza barua zake zilikwenda wapi. Tukilinganisha, tunaona kwamba hatua imepigwa. Lakini sheria husaidia wanaoijua, na bado zipo nyumba ambamo binti hukalishwa mbele ya wazee na asiulizwe.

KABLA HAWAJAONDOKA

Yapo mambo ambayo mzazi wa leo afanya vyema kuyapima kutokana na habari hizi. Mzazi akataaye mchumba wa mtoto wake huamini kwamba anazuia kosa. Pengine ni kweli. Lakini baba wa bibi yule hakuzuia kitu. Aliwafanya watu wawili wapitane njiani kwa miaka mingi kama wageni, na akamfanya wa tatu, mume asiye na hatia, aishi na mke aliyekuwa na nusu ya moyo wake Tanga. Vivyo hivyo mwajiri awekaye watu mbali na nyumba zao kwa miezi mingi bila likizo asidhani kwamba gharama ya jambo hilo haimo katika vitabu vyake kwa kuwa haipo. Ipo, inalipwa na watu wengine.

Ama kuhusu sinema, haidhuru kungoja mpaka apatikane mtu mwenye kamera na fedha. Mtayarishaji wa kutoka Dar es Salaam akija Njombe atakuta kila kitu: ukungu, misitu, njia ya lori, reli ipandayo mlima, na makanisa mawili ambayo kengele zake husikika katika bonde moja. Anachoweza kukikosa ni watu. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 16 mwaka 1955 sasa amepita miaka 85. Waliobaki ni wachache, na kila msimu wa baridi huwapunguza.

Kwa hiyo kazi hii yaweza kuanza nyumbani, Jumapili hii hii, bila gharama yoyote. Mwenye bibi au babu aliye hai, awe wa Njombe, wa Songea, wa Kigoma au wa mahali pengine popote palipotoa manamba, amketishe na kumwuliza: ni nani aliyeondoka, na mwaka gani, alikwenda kwa lori au kwa miguu, barua zilipitia kwa nani, na nani aliyesema hapana. Ayaandike majibu katika daftari la mtoto wa shule, pamoja na tarehe. Vipande vya mkonge vilihesabiwa vyote, hata cha mwisho. Siku za waliongoja zinaweza kuhesabiwa na wajukuu wao, maadamu wenyewe bado wapo wa kuzitaja.